Sinema Tatu za Kihindi za Mwaka Nilioondoka Bunda

Mwaka ule nilishtakiwa kwa baba yangu kwa kosa la kuangalia sinema. Si wizi, si uchawi, si mwanaume mwingine. Sinema. Kaka mkubwa wa mume wangu alipanda lori kutoka Bunda mpaka kwetu Butiama, akakaa kwenye kiti cha wageni, akanywa uji wa mama yangu mpaka akakwangua kibuyu, halafu akasema ndugu wameamua kumchukua mwanangu. Sababu yake ni kwamba mwanamke anayefunga mtoto mgongoni kwenda kukaa gizani na wanaume, akitazama Wahindi wakikimbizana bustanini, hawezi kulea.

Kwa hiyo nikiulizwa picha gani za Kihindi zilikuwa nzuri mwaka ule, siwezi kujibu kama wanavyojibu wengine, huyu anaimba vizuri, yule anajua kupigana. Nazikumbuka tatu, na zote nazikumbuka pamoja na kesi.

Nilizipenda tangu shule. Nilisoma sekondari Musoma miaka ya dhiki, ile ya kupanga foleni tangu asubuhi bila kujua mbele kunauzwa nini, ukifika unaambiwa ilikuwa sabuni na imeisha. Shangazi yangu wa Nyakato alikuwaga na imani mbili, kanisa na sinema, na Jumapili alinipitisha kote. Ukumbi ulikuwa pale mjini, mali ya Wahindi. Mikanda ilikuwa imechakaa vibaya. Picha ikikatika watu walipiga miluzi, ikiunganishwa unakuta bwana harusi ameshakufa na hakuna anayejua kafaje. Shangazi alikuwa anajaza mwenyewe. "Moyo," alikuwa ananinong'oneza. "Kafa kwa moyo." Mimi nilikuwa naangalia nguo. Nilikuwa na gauni moja la kutokea, na pale mbele yule dada alibadilisha sari kila ubeti wa wimbo.

Nilipomaliza kidato cha nne niliolewa Bunda na karani wa mizani kwenye kinu cha pamba. Hakunipiga. Nasema hivyo ili msimtafutie ubaya asiokuwa nao. Ubaya wake ulikuwa kunyamaza. Mama yake akisema, yeye anaangalia viatu vyake. Kaka yake akisema, anaangalia viatu vya kaka yake.

Halafu biashara zikafunguliwa. Vitu vikaanza kuingia kutoka ng'ambo ya Sirari: sabuni za harufu, mitumba, betri, na mfanyabiashara mmoja wa pale Bunda akaleta deki na televisheni. Akaviweka kwenye ghala lake la mahindi, akaziba madirisha kwa magunia, akapanga mabenchi, jenereta ikawa inanguruma nje. Watu wakaita "video", na video ikawa Jumamosi mchana. Mume wangu alikuwa kazini, mtoto wangu alikuwa ananyonya, na mimi nilikuwa na kiu ya miaka. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda. Tulikuwa wanawake wachache, tukakaa benchi la nyuma karibu na mlango.

Picha ya kwanza ilikuwa ya wapenzi kwenye barafu. Hadithi yake haikuwa kitu. Kijana wa gereji anampenda binti wa jaji, jaji anakataa, wanatorokea milimani, na kule milimani wanaimba. Kijana amevaa koti, sweta na kofia ya sufu. Binti amevaa sari nyepesi kama wavu wa dagaa, tumbo nje, anagaragara kwenye theluji.

"Huyu atakufa na kichomi," mama mmoja akasema pembeni yangu.

"Hafi. Ana mafuta ya Kihindi."

"Na yule mwanaume si ampe hilo koti?"

"Akimpa koti wewe utalipia kiingilio cha kuangalia nini?"

Wanaume wakacheka mpaka picha haikusikika. Nilicheka na mimi. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka mle ndani bila kitu kunichoma.

Ya pili ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo ambayo ghala zima lilikosea kuielewa. Hakukuwa na mtu anayejua Kihindi. Kulikuwa na mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori ya pamba, aliyesema anakijua kwa sababu aliwaendeshea Wahindi ujana wake wote. Alikuwa anasimama pembeni ya televisheni na kutufasiria, na kama alikuwa hajui alikuwa hanyamazi.

Picha yenyewe ni hivi. Binti anaolewa. Mahema, maua, bwana harusi amefika juu ya farasi. Ghafla baba wa bwana harusi anainuka kwa hasira. Baba wa binti, mzee mwembamba, anamkimbilia, anaongea huku analia, halafu anavua kilemba chake na kukiweka chini miguuni pa yule mwenzake.

"Anasemaje?" watu wakauliza.

"Anasema ng'ombe hawatoshi," dereva akajibu. "Waongeze."

Ghala likawaka. Watu wa Bunda kwenye mambo ya mahari kila mtu ni hakimu.

"Mzee mchoyo. Farasi wote wale hajaridhika?"

"Anawalilia wenzake ng'ombe mpaka anavua kofia. Hana aibu."

"Bwana harusi, geuza farasi, nenda. Wapo mabinti wengi."

Na kweli bwana harusi akageuka, ghala likapiga makofi. Yule binti akatoka kwenye hema na mapambo yake yote, akakiokota kilemba. Akabaki amekishika. Hakuna aliyemtazama, watu walikuwa bado wanamtukana baba yake. Mimi nilimtazama. Nikaona uso wake haufanani na yale maneno ya dereva. Mtu ambaye baba yake ni mchoyo haangalii hivyo.

Nilikaa na lile jambo mpaka nilipokwenda Musoma kununua kitambaa. Dukani kulikuwa na mama wa Kihindi, mtu mzima, aliyezaliwa palepale Musoma na kuongea Kiswahili kama sisi. Nikamsimulia picha yote. Alikuwa anapima kitambaa, akaacha.

"Si ng'ombe, binti," akasema. "Kwetu baba wa mwanamke ndiye anayetoa. Yule mzee hakuwa anadai. Alikuwa anadaiwa, hana, anaomba wasimwachie binti yake pale na aibu."

"Mwanamke ndiye analipa?"

"Baba yangu alitoa mpaka cherehani na kitanda."

"Na ukifika kule unaheshimiwa, maana mmelipa."

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeuliza mvua inatoka wapi. "Nilikuwa naamka kabla ya jogoo kumchemshia mama mkwe maji," akasema. "Mita ngapi?"

Nilirudi Bunda na hasira ambayo sikujua nimpe nani. Mama mkwe wangu alikuwa ananiambiaga kila siku, "Wewe umetolewa ng'ombe, wewe ni wetu, na huyo mtoto ni wetu." Nilikuwa nimekubali kwamba ni ng'ombe wanaomfanya aseme hivyo. Kumbe kule wanaolipa ni wa upande wa mwanamke, na bado anaamka kabla ya jogoo. Basi ng'ombe ni kisingizio tu.

Ya tatu sikuimaliza. Bibi tajiri, mjane mwenye funguo kiunoni, anamchukua mjukuu wake kutoka kwa mkwe maskini. Mkwe anakimbia nyuma ya gari, mtoto anapiga kioo cha nyuma kwa viganja. Mwanangu alikuwa amelala mgongoni. Nikainuka katikati ya watu, nikatoka, jua likanipiga machoni, na nani yuko nje? Mama mkwe wangu. Kuna mtu alikuwa amempelekea habari. Hakunigombeza. Alimshika mtoto mguu pale mgongoni, akasema polepole, "Huyu akiacha ziwa anakuja kulala kwangu. Wewe utabaki na video yako."

Nilimwambia mume wangu jioni. Akaangalia viatu vyake.

Nikafunga nguo za mtoto, nikapanda lori la mahindi kwenda kwetu. Sikuaga.

Kule Butiama nilikaa nikimenya mihogo na mama, na nikawa namhadithia picha. Mama hajawahi kuingia kwenye video. Lakini alikuwa anasikiliza vizuri kuliko ghala zima la Bunda. Ile ya kilemba nilimhadithia kwa kweli yake, kama nilivyoambiwa dukani, na akaniambia nirudie. "Alikiweka chini kabisa? Kwenye vumbi?" Chini kabisa, mama. "Na wale wakaondoka hivyohivyo?" Wakaondoka. Akachukua muhogo mwingine, akaendelea kumenya.

Ndipo akaja shemeji yangu. Mume wangu alikuja naye, akakaa kwenye gogo karibu na mbuzi.

Shemeji alisema niliyoyaeleza mwanzo, halafu akafika kwenye jambo lenyewe. "Baba, sisi hatukulazimishi. Binti yako akitaka kubaki, abaki. Mtoto tunaondoka naye leo. Kama na mtoto mnamkatalia, basi tufungulieni ng'ombe wetu, twende nao."

Baba akageuza uso kuelekea zizini. Mle hakukuwa na kitu. Ng'ombe walioletwa kwa ajili yangu walikaa kwetu msimu mmoja, wakaenda kumuolea kaka yangu, na sasa wako zizini kwa watu wengine huko Buhemba na wamezaa. Kumfungulia shemeji ng'ombe ni kumwambia kaka amrudishe mke wake. Shemeji alijua. Ndiyo maana alikuwa anaongea kwa upole vile.

Baba yangu alikuwa na kofia moja ya kanisani. Alikuwa ameivaa kwa ajili ya mgeni. Akaivua. Akainama, akaiweka chini, karibu na katambuga za shemeji yangu, mtu ambaye angeweza kumzaa. "Mwanangu," akasema, "nakuomba."

Niliiona picha ile ghalani, na sikujua kwamba inaweza kuchezwa hapa, na baba yangu, kwenye uwanja ninaoufagia. Nilitaka kumpiga shemeji. Nilitaka kumpiga na baba. Nilimkumbatia mtoto mpaka akalia.

Mama alikuwa amekaa mlangoni. Akanyanyuka, akaiokota kofia, akaipigapiga kwenye paja kutoa vumbi, akaja akamvalisha baba, akainyoosha ukingo.

"Hii iko kwenye sinema ya mtoto wako," akamwambia. "Yule mzee haikumsaidia."

Kule kwenye gogo mume wangu akacheka. Ilimtoka, akaziba mdomo. Ndiyo sauti pekee aliyoitoa siku ile.

"Mama naye anaangaliaga video?" shemeji akauliza kwa kejeli.

"Mimi nahadithiwa nikiwa namenya muhogo. Na wewe, baba," akamgeukia shemeji, "ng'ombe wangu yuko wapi?"



Kwetu yupo ng'ombe wa mama. Haingii kwenye hesabu ya baba. Ni wa ule mgongo uliobeba binti. Baba hawezi kulisamehe deni lake, hawezi kumtumia kuolea mtu, na kabla ng'ombe huyo hajaletwa, mtoto wa kwanza wa binti akilala kwa bibi yake mzaa mama hakuna wa kuja kumdai. Wanaume wanamsahauga huyo ng'ombe. Mama hakuwa amesahau.

"Mama, tulisema malipo ya pamba yakitoka."

"Pamba ya lini?"

"Ya mwaka juzi. Ushirika haujalipa. Wewe mwenyewe unajua."

"Najua. Basi yakitoka, njoo na ng'ombe, tutaongea habari ya mtoto. Leo umekunywa uji, unatosha."

Wakaondoka. Mume wangu aligeuka mara moja njiani. Sikumpungia.

Sasa naishi Bweri, hapahapa Musoma, kwenye chumba cha nyumba ambayo haijapauliwa upande mmoja. Nakaanga maandazi, nauza furu wakavu, vile visamaki vya ziwani. Mwanangu ameshaacha ziwa, na ameshajua kuimba nyimbo za Kihindi, kwa maneno yake mwenyewe. Video ziko kila mtaa siku hizi. Naendaga naye, mchana, tunakaa mbele.

Watu wanaokuja kutoka Bunda wanakaa kwenye benchi langu, wanakula andazi, wanalalamika kwamba pamba bado haijalipwa, watoto hawana ada, wazee wanakufa na stakabadhi mfukoni. Wananiambia, dada, tuombee. Naitikia. Nikibaki peke yangu naomba isilipwe. Najua ninachoomba. Najua ni watoto wa nani wanaokosa ada. Naomba hivyohivyo, na hasira yangu juu ya waliofanya niombe hivyo sijaimaliza. Ng'ombe wakipita nyuma ya nyumba kwenda kunywa ziwani, natoka nje kuangalia kama yuko anayeongozwa kwa kamba peke yake, ingawa najua wa mama atapelekwa Butiama.

Ile picha ya tatu imerudi tena Musoma. Nimeulizwa kwa nini siingii nikaone mwisho wake, eti ni mzuri, mama na mtoto wanakutana, kila mtu analia kwa furaha. Wanakutana mtoto ameshakuwa mtu mzima. Anamtambua mama yake kwa wimbo. Mimi sitaki kutambuliwa kwa wimbo. Nataka nimwogeshe leo jioni, akatae sabuni isimwingie machoni, nimkaripie.