Pascal kwa Lafudhi ya BASIC

Nilijifunza BASIC, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Levolosi, miaka ile biashara zilipoanza kuachiwa watu binafsi na kompyuta zikaonekana nyuma ya madirisha ya nondo. Lugha ile ilinifaa kwa tabia. Kila mstari ulikuwa na namba yake: kumi, ishirini, thelathini, katikati tuliacha nafasi ya nyongeza, kama wazazi wetu kule Meru walivyoacha nafasi ya kahawa kati ya migomba. Zaidi ya hayo, hakikufichwa kitu. Kila kigeu, yaani jina linalobeba thamani, kilionekana na programu nzima. Nikadhani huo ndio uadilifu wenyewe.

Kwa lugha hiyo niliandika programu ya kumbukumbu za uotaji katika kampuni ya mbegu za maharage. Kampuni ilipouzwa, meneja mpya alitangaza kwamba kila kitu kitaandikwa upya kwa Pascal, lugha nyingine ya kompyuta, na atakayeshindwa kumwonyesha programu inayofanya kazi siku ya ukaguzi atafute pengine. Nilikuwa na familia katika nyumba ya kupanga Kijenge. Sikuwa na pengine.

Mkufunzi alitoka Nairobi, mwanamke mwenye kicheko cha haraka. Alitufundisha kuigawa programu katika vijisehemu, kila kimoja na vigeu vyake vya ndani ambavyo sehemu nyingine haziwezi kuviona.

"Kwa nini visionekane, mwalimu?" niliuliza.

"Kwa sababu haviwahusu wengine, kaka."

Jibu hilo nilikuwa nimelisikia mno mjini. Ghala letu lilipouzwa, tuliambiwa halituhusu. Kuta zilipopanda mtaa wa Njiro, waliozijenga walituambia hivyo hivyo. Mahali penye mlango uliofungwa niliona mtu anayehesabu kitu kisicho chake, na sikuona sababu ya kuisamehe lugha ya kompyuta.

Basi vigeu vyangu vyote nilivitangaza juu kabisa, mbele ya macho. Mkufunzi alipovikuta hapo alicheka.

"Ala! Nguo zako zote unazianika sebuleni? Kaka, hii ni Pascal kwa lafudhi ya BASIC."

"Afadhali lafudhi kuliko siri."

Yeye ndiye aliyetuandikia kijisehemu cha kusoma hesabu za masinia manne ya kujaribia uotaji wa kila fungu la mbegu. Sikukiamini. Usiku wa kuamkia ukaguzi nilikifungua, nikakitoa nje kigeu chake cha kuhesabia masinia, nikakiacha kijisehemu kitumie kigeu changu cha kuhesabia mafungu, kwa kuwa majina yalifanana na sasa vyote vingeonekana.

Asubuhi meneja alisimama nyuma yangu. Printa ilichapa fungu la kwanza, kisha la tano. Likafuata la tano tena. Na tena. Kila kijisehemu kilipomaliza masinia manne, hesabu ya mafungu ilirudishwa kwenye nne. Karatasi zilimiminika sakafuni.

"Kampuni yangu ina fungu moja tu la maharage?" meneja aliuliza.

Mkufunzi aliinama kwenye skrini, akaelewa mara moja. "Huyu ndugu hapendi milango. Ameubomoa wa kwangu."

"Aurudishe sasa hivi, nikiwa hapa."

Nilikirudisha kigeu chumbani kwake. Mafungu yakatoka yote kwa mpangilio, la kwanza hadi la mwisho, na meneja akaenda zake. Kazi ikabaki yangu.

Nilikuwa nimeona kwamba ukuta ule haukujengwa dhidi ya mwenye nyumba. Ulimzuia jirani mwenye haraka, na jirani huyo nilikuwa mimi. Lugha zilizokuja baadaye nilizisoma nikijua jambo hilo. Hata hivyo, mchana ule nilichapa vijisehemu vyake vyote, nikaketi kuvisoma mstari kwa mstari, nikiandika pembeni kwa penseli: kumi, ishirini, thelathini.

Mkufunzi alipita na mkoba wake begani. "Umepata mwizi?"

"Bado natafuta, mwalimu," nilimjibu, nikafungua ukurasa uliofuata.