Bladifuli Maana Yake Damu Tele

Chekeni tu, wala sitanuna, maana aibu niliyoipata Bagamoyo miaka ile ya sitini, uhuru wenyewe bado mbichi, hata nikiikumbuka niko peke yangu najifunika uso.

Nilimpenda Mwanaidi, binti wa mji mkongwe, na mimi (mnanijua) ni mtu wa Miono, mkulima mtoto wa wakulima, na baba yake alikuwa karani mstaafu wa forodha, mtu wa maneno machache na kanzu iliyonyooka pasi. Posa ilishapelekwa, jibu likawa, "Mleteni nimwone." Mshenga wangu, Mzee Shomari, akaniusia njia nzima, "Ukifika sema shikamoo, kaa, nyamaza." Laiti ningemsikiliza! Lakini niliona kwa watu wa mjini wale shikamoo peke yake haitoshi, nikaamua nitie na Kizungu kidogo, neno moja tu.

Neno lenyewe nililitoa kwa babu, aliyempikia Mzungu mmoja miaka mingi. Babu akituambia kwa maringo kwamba bwana wake hakumwita kwa jina, alimwita "bladifuli," tena kwa sauti kubwa ili majirani wasikie (ndivyo alivyoamini, maskini). Na maana yake alikuwa nayo: bladi ni damu, hilo kalisikia hospitali, na fuli ni kujaa, kama basi linapokuwa fuli, basi bladifuli ni mtu mwenye damu tele, mtu wa ukoo hasa.

Nikaingia, nikaamkia, nikaitikiwa marahaba, kahawa ikaja, na badala ya kunyamaza nikaweka mkono kifuani nikasema, "Mzee wangu, sifa zako zimefika hadi Miono. Wewe ni bladifuli, marehemu baba yako alikuwa bladifuli, na inshallah wajukuu zako watakuwa mabladifuli watupu."

Mzee Shomari, ambaye Kizungu hakijui hata cha kuombea maji, akaitikia, "Amin!"

Lo! Nyuma ya pazia mtu akaangua kicheko, akazibwa mdomo. Baba Mwanaidi akaweka kikombe chini.

"Neno hilo nimetukanwa nalo forodhani ujana wangu wote," akasema polepole. "Maana yake mpumbavu, mpumbavu wa kupindukia. Nilidhani limeondoka na wenyewe. Nani kakufundisha?"

Jasho likanitoka, nikajua Mwanaidi ndiyo basi tena. Nikamweleza yote, damu, basi, babu na bwana wake, huku natamani ardhi inimeze. Akauliza, "Babu yako yu hai?"

"Yu hai, mzee."

"Anajua maana yake?"

"Hajui."

Akainama, machozi yakimlengalenga. "Binti nakupa. Lakini usije ukamwambia."

Sikumwambia. Babu alikufa akiamini alikuwa mtu wa heshima jikoni kwa yule Mzungu, na mimi tangu siku ile nikitaka kumsifu mtu namsifu kwa Kiswahili, lugha ambayo matusi yake nayajua.