Moto Hukishinda Chuma

Baba alimtemea daktari wa Kichina mate miguuni, hospitalini Sumbawanga, watu wakitazama. Daktari alikuwa hajamchoma hata sindano moja. Alikuwa ametaja tu vitu vitano: mti, moto, udongo, chuma na maji.

Baba alikuwa mhunzi. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa upande wa Pito, alibeba fuawe lake la kufulia chuma kabla ya kitanda. Kisha kifua kikambana, na bila baba mdogo kuvuta mivukuto ya kupulizia moto hakuna jembe lililotoka. Baba mdogo ndiye aliyekwenda mjini kumwombea nafasi kwa Mchina. Alishinda huko kutwa.

Daktari alishika kifundo cha mkono wa baba, akamtazama ulimi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuvunjika. Muuguzi, mama wa Mbeya, alikinyoosha. Mwili una asili tano, zinazaana na kukandamizana. Mapafu ni chuma. Moto hukishinda chuma. Mzee aache moto upoe.

"Nani kamwambia hayo?" baba akauliza.

"Ni elimu ya kwao, mzee. Ya kale."

"Ya kwao! Hayo ni ya tanurini."

Ujanani baba na wahunzi wenzake walikuwa wameyeyusha mawe ya chuma kwa kiapo: makaa ya mti gani, udongo gani wa ukuta, maji yaje lini, asiyefundishwa asisikie. Kwetu walibaki wawili tu wenye kiapo, baba na mdogo wake. Akamgeukia baba mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Umeniuza kwa dawa ya kikohozi?"

"Kaka, moto na maji hata mtoto anavijua."

"Mtoto hajui kuvipanga. Huyu kavipanga."

Baadaye mama naye alikwenda kuonwa tumbo. "Baba watoto, mimi kaniambia tumbo ni udongo. Anawaambia watu wote."

"Basi sasa anatangaza."

Mizizi ya dawa aliyopewa na daktari, baba aliitupa motoni. Baba mdogo akateremka Kabwe, ziwani, kuvua samaki. Baba akavuta mivukuto kwa mkono mmoja, koleo mkono wa pili, akikohoa. Majembe ya shamba la kijiji hayakutimia; mwenyekiti akaja kufoka, akafokewa yeye.

Baba mdogo hakuja kwenye mazishi ya baba. Nilimfuata Kabwe, nikamuuliza siku ile mjini alizungumza nini na Mchina.

Aliendelea kushona wavu.

"Baba yako aliniita msaliti hadi mwisho?"

"Hadi mwisho."

"Na hakuniuliza hata mara moja nilizungumza nini," akasema. Akaniambia nisogee, namzibia mwanga.