Siku Nilipoziba Kioo cha Gari kwa Sukari

Hii nitaionea aibu mpaka uzeeni, lakini jumuiya yetu nzima huku kijijini, juu ya Maji ya Chai, wanaijua tayari na kila mtu anaisimulia kwa namna yake (kuna mmoja anaapa kwamba nilipaka gari asali), kwa hiyo bora muisikie kwangu mimi mwenyewe niliyeyatenda.

Mimi natengeneza keki. Sikusomea popote, nimejifunza kwa video za kwenye simu na kwa kuunguza, na nina ugonjwa mmoja: kitu kikikaa vibaya kidogo tu, silali. Keki ikipinda upande ambao hata bwana harusi hatauangalia, naibomoa naanza upya, mama anabaki kushika kichwa, "Elinipa mwanangu, watu wanakula, hawapimi na rula!"

Sasa siku hiyo napeleka keki mjini, naendesha polepole kama nimebeba mtoto mchanga, nimeshapita Tengeru, na macho yangu badala ya kuwa barabarani yako kwenye kioo cha ndani, yanaangalia keki kiti cha nyuma isije ikainama, na mbele yangu kuna pikapu imepakia mirunda, miti mirefu ya kujengea, imechomoza nyuma, imefungwa kitambaa chekundu kabisa. Pikapu ikasimama. Na mimi nikasimama, ila nimechelewa kidogo, mrunda mmoja ukagonga kioo changu cha mbele, ta! Kasauti kadogo tu, halafu ufa ukaanza kutambaa taratibu kutoka upande wa abiria mpaka katikati, huku nauangalia.

Dereva wa pikapu akashuka. "Dada, kitambaa chote hicho hukukiona?"

"Nilikuwa naangalia keki."

Akachungulia nyuma. "Keki imepona?"

"Imepona."

"Basi hujapata ajali wewe, umepata salamu."

Nikaripoti polisi, nikampigia wakala wangu wa bima, naye akanituliza vizuri tu: una bima kubwa, kioo utalipiwa, mkaguzi atakuja nyumbani Jumamosi asubuhi, ila usiguse chochote. Nikasema sawa. Na hapo muelewe, wiki iliyofuata nilikuwa na keki ya harusi ya ghorofa nne, oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, na keki ya namna hiyo huwezi kuipakata kwenye bodaboda. Bima wakikataa, kioo sina uwezo wa kukinunua, gari halitoki, na oda imekwenda.

Ningekaa kimya hadi Jumamosi, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Jumamosi hiyohiyo ilikuwa zamu yetu, sala ya jumuiya inafanyika kwetu, maana yake kina mama wote watapita pembeni ya gari langu lenye ufa, na mkaguzi naye atanikuta na gari linalosema huyu binti ni mzembe. Ijumaa mchana nikatoka kuuangalia, nikarudi ndani, nikatoka tena. Halafu nikakumbuka kwamba ninajua kuchemsha sukari mpaka iwe angavu kama kioo, ile ninayotengenezea vito vya kupamba keki. Wakala alisema nisiguse (nikajiambia alimaanisha gari, sio ufa). Nikachemsha, nikatia kwenye kifuko cha kupambia, nikaujaza ufa wote kwa utulivu, nikasawazisha kwa kisu. Jamani, ilipendeza! Nililala usingizi mzuri ajabu.

Asubuhi tuko kwenye sala, mwenyekiti wa jumuiya, mama Anaeli, anaomba, na mimi nikiwa nimefumba macho nasikia mngurumo nje, nikadhani ni pikipiki ya mkaguzi. Nikatoka kumpokea, kumbe haukuwa wa pikipiki. Kahawa ilikuwa imechanua mashamba yote yanayotuzunguka, na jirani ana mizinga ya nyuki. Umande ulikuwa umeilainisha ile sukari, jua likaitiririsha mpaka kwenye boneti, na gari langu lilikuwa limevaa nyuki kama blanketi. Na mkaguzi, mzee mmoja mtaratibu mwenye koti, alikuwa amesimama mbali kidogo, karibu na migomba, anapunga begi lake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Binti, hiki kioo kimefanywa nini?"

Kina mama wameshatoka wote, na vitabu vya nyimbo mkononi.

Mzee akasema kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha, "Wako watu wanaziba ufa wa siku nyingi halafu wanatuambia ni wa juzi. Nikiandika kioo kimechezewa, hakuna malipo. Kwa hiyo niambie, umeweka nini humo?"

"Sukari."

"Nini?"

"Sukari, mzee. Ya keki. Niliona ufa unatia aibu."

Mama Anaeli akaangua kicheko mpaka kilemba kikadondoka. "Bwana Yesu! Wenzako wanapaka gari nta, wewe unalitilia sukari kama chai!" Na mama yangu mzazi, badala ya kunitetea, akawaambia, "Sasa mmeona ninayoishi nayo?"

Nikakimbilia jikoni, nikaleta sufuria yenye mabaki yaliyogandia. Mzee akabandua kipande, akaramba. Kina mama nao wakataka, sufuria ikazunguka kama kikapu cha sadaka, na kila aliyeonja akamthibitishia mkaguzi, "Ni sukari, baba, ni sukari kabisa."

Tukasubiri nyuki wapungue. Nikaosha kioo kwa maji ya vuguvugu mbele ya jumuiya nzima, huku nimejifunga khanga ya mama usoni na wao wakinielekeza, "Hapo bado! Pale juu!" Mzee akausogelea ufa, akautazama kwa tochi muda mrefu.

"Ufa wa zamani huwa na vumbi ndani," akasema. "Huu wako una sukari tu. Wa juzi." Akapiga picha. Mama akamkaribisha chai.

"Nitakunywa," akajibu, "ila isiwe na sukari."

Kioo kipya kikafungwa kabla ya harusi, na ile keki ilifika ikiwa imesimama wima. Nikaapa: kitu changu kikivunjika, nitakiacha kivunjike mpaka mwenye kazi yake afike.

Majuzi, nikiwa kwenye njia ya Kwa Mrombo, kijiwe kikaruka kikadonoa kioo kilekile kipya, kakovu kadogo kama punje ya mtama. Vidole vikaniwasha. Nikavikalia, kweli kabisa, nikavikalia mpaka vikafa ganzi, ndipo nikampigia mkaguzi simu.

Yule mzee akacheka kwanza. "Umeweka nini safari hii?"

"Sijaweka kitu, mzee."

"Hata chumvi?"

"Hata chumvi."

"Umekua, binti," akasema. "Nakuja."