Mzinga Uliozama Mkavu

Kwanza futa hilo tabasamu. Nalijua vizuri, maana miaka yote nilikuwa nalo mimi. Nilikuwa nikiwasikia watu kibandani wakisimuliana habari za wafu wanaotembea, namaliza chai yangu na kuondoka, sina muda wa ujinga. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, karakana yangu iko hapa mjini Embu, mtaa wa Dallas. Chuma hakidanganyi. Ukikichomelea vibaya kinavuja, ukikichomelea vizuri kinashika. Hiyo ndiyo iliyokuwa imani yangu kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili nilienda kanisani kwa ajili ya mke wangu. Haya ninayokueleza niliyaona saa saba mchana, jua likiwaka, nikiwa sijaonja kitu kikali kuliko soda. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, shauri yako.

Aliyeleta wazimu huu ni shemeji yangu Mwaniki, kaka wa mke wangu. Mwalimu wa hesabu, mtu wa chaki, mikono laini. Alisikia fununu kwamba mchanga wa mto Thiba, kule chini ya Gachoka, una dhahabu, basi akakosa usingizi. Kutwa alikuwa kwenye simu akitazama video za Wazungu wenye ndevu wakifyonza mchanga wa mtoni kwa mtambo mdogo unaoelea: injini ya petroli, pampu, bomba nene, na sanduku la kuchujia. Watu wazima na ndevu zao wanafyonza matope! Injini alipata, pampu alipata. Alichokosa ni maboya ya kuubeba mtambo juu ya maji usizame. Akaja kwangu.

"Shem, wewe ndiye fundi," aliniambia. "Nitengenezee hiyo kitu ya kuelea. Lakini unajua mimi kuogelea sijui kabisa."

Nilijua. Mke wangu, Wanjira, alijua zaidi. Jioni ile aliweka sufuria chini akanitazama. "Ndugu yangu ni huyo mmoja tu," alisema. "Usimpeleke kwa maji na kitu ya kubahatisha." Nikamcheka. Nilimwambia kwamba kitu nikikifunga mimi, hata hewa inaomba ruhusa ya kutoka. Mwaniki alipotaja jaketi la kuogelea, nilimwuliza kama yeye ni mtalii. Hakulitaja tena.

Mtu mwenye akili angetumia mitungi ya plastiki. Lakini kule Gachoka ni Mbeere, nchi kavu ya chini, tena ulikuwa wakati wa ukame, na huko mtungi wa maji unalindwa kuliko ng'ombe. Hakuna aliyekubali kuachia hata mmoja. Na hapa niseme ukweli wangu: sisi wa upande wa juu, wa chai na kahawa, tumezoea kuwadharau watu wa Mbeere. Tunawaita watu wa punda na asali. Nilizunguka kule siku mbili, pua juu, nikinung'unika juu ya vumbi lao. Ndipo nikaona mizinga.

Unaujua mzinga wa kienyeji? Ni gogo lililochimbwa ndani likabaki tupu, likazibwa pande zote mbili kwa vifuniko vya mbao, na tundu dogo likaachwa nyuki waingilie. Ukiutazama kwa jicho la fundi, hilo ni boya tayari. Minane ilikuwa imening'inia kwenye migunga karibu na mto, yote imechongwa alama moja, mikato mitatu chini ya duara. Alama hiyo ilikuwa ya Mzee Ireri, na Mzee Ireri alikuwa amekufa. Mtoto wake wa kwanza, Nyaga, ana duka pale Gachoka.

Nyaga mwenyewe ndiye aliyetueleza desturi, tena kwa kukunja uso kama mtu anayesimulia aibu ya nyumbani. Kwao mzinga wa marehemu haushushwi ovyo. Kifungua mimba wake ndiye huushusha, asali yake hupikwa pombe, wazee wa ukoo hunywa, na marehemu humiminiwa kidogo chini. Hapo ndipo mizinga hupata mwenyewe mpya. Kabla ya hapo bado ni yake, kufa au kutokufa.

"Mimi nimeokoka, fundi," Nyaga alisema. "Hiyo pombe siwezi kupika. Sasa hii mizinga itakaa huko juu mpaka lini? Chukueni tu."

Mwaniki alisita. Alisema labda tuwaone wazee kwanza. Nikamwuliza huko chuoni alisomea hesabu au uganga. Basi tukachukua.

Kazi yenyewe ilikuwa safi, hilo silifichi hata leo. Tuliwafukiza nyuki kwa moshi, tukashusha mizinga, tukatoa masega, nikaziba kila tundu kwa kigingi na kupaka lami ya moto juu yake. Kisha nikaufunga kila mzinga kwa mikanda ya chuma na kuchomelea fremu, minne upande huu, minne upande ule, injini katikati. Mzinga wa nane ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote. Tulipoufikia, lami ilikuwa inaanza kuganda kwenye debe na mimi nilikuwa nimechoka. Nilisikia mvumo ndani yake. Mwaniki naye akausikia.

"Shem, si huu bado uko na nyuki?"

"Watakufa tu," nilisema. "Ni wadudu." Nikapiga kigingi kwa nyundo, nikamimina lami.

Kesho yake, Jumamosi, tuliusukuma mtambo majini ukaelea vizuri kabisa. Nilirukaruka juu yake na haukutikisika. Mwaniki alicheka kama mtoto, kisha akachukua pikipiki kwenda Gachoka kutafuta petroli. Nikabaki peke yangu ukingoni, mtambo umefungwa kwa kamba kwenye kisiki.

Mzee mmoja alitokea kwenye njia ya punda. Koti la zamani, kofia ya kitambaa, mfuko wa ngozi begani. Hakunisalimu. Aliingia majini mpaka magotini, akainama kwenye mzinga wa kwanza, akaugonga kwa kiungo cha kidole, akatega sikio. Akaenda wa pili. Akaugonga, akatega sikio. Kidole cha kati cha mkono huo kilikuwa kimekatika juu, kwa hiyo aligonga kwa kisehemu kilichobaki. Mimi nilikuwa nikimtazama kwa dharau tu. Nilijiambia, huyu ni mmoja wa hawa wazee wa asali, amekuja kuomba sigara.

Alipofika wa nane alikaa muda mrefu, sikio limegusa gogo.

"Huu ulifunga na wenyewe ndani," alisema bila kunitazama.

"Mzee, hiyo si mzinga tena. Hiyo ni boya. Ondoka hapo, unanichafulia lami."

"Fungua. Watoke, halafu ufunge tena. Si kazi kubwa."

Na kweli haikuwa kazi kubwa. Kung'oa kigingi, kungoja kidogo, kuwasha moto, kupaka upya. Ni saa moja ya kazi. Lakini nifundishwe kazi yangu na mzee wa Mbeere aliyelowa suruali? Nilimwambia kama anawapenda sana hao nyuki, aingie akakae nao.

Hapo ndipo alipogeuka. Nyuki mmoja alikuwa anatembea kwenye jicho lake. Siyo kwenye kope. Kwenye jicho lenyewe, kwenye ule weupe, taratibu, mpaka akafika kwenye mboni na kusimama. Yule mzee hakupepesa. Alinitazama kwa jicho hilo kama vile hakuna kitu.

"Sitasema mara ya tatu," alisema. "Usipofungua, nitakuja kuwachukua mwenyewe."

Nataka uelewe kwamba niliogopa. Baridi iliniingia mwili mzima katika jua lile. Lakini unajua nilifanya nini na huo woga? Niliutukana. Niliinama nikaokota jiwe, na nilipoinuka hapakuwa na mtu, majini wala njiani. Nikajiambia ni joto, sijala tangu asubuhi. Mwaniki aliporudi na petroli aliniuliza mbona nimekauka midomo. Nikamwambia ni jua.

Hilo ndilo neno linaloniua. Ningemweleza, huenda angecheka, lakini angecheka akiwa amesimama kwenye nchi kavu. Sikumweleza kwa sababu nilijua yeye angetaka tufungue.

Alipanda mtambo. Nililegeza kamba ukaenda mpaka katikati ya kina. Injini ikanguruma, bomba likaanza kufyonza, maji ya matope yakapita kwenye sanduku, na Mwaniki akaninyooshea dole gumba. Kisha pembe ile ya mzinga wa nane ikaanza kushuka. Haikuchomoka, haikupasuka, haikutoa hata povu moja la hewa. Ilishuka polepole, kama inayovutwa kutoka chini na mtu asiye na haraka. Mwaniki aliita jina langu. Nilivuta kamba kwa nguvu zangu zote na ilikuwa kama kuvuta mlima. Mtambo uliinama, akateleza, bomba likamzunguka, na vyote vikaenda pamoja. Niliruka ndani. Naogelea, lakini maji yalikuwa matope matupu na sikugusa hata nguo yake.

Wavuvi walimpata siku ya pili, kule mto unapoanza kupanuka kuelekea kwenye bwawa la umeme.

Siku ya nane vijana walivuta mtambo kwa kamba. Nilitaka kuona nilikosea wapi, maana bado nilikuwa fundi, bado nilitafuta tundu. Nyaga alikuja kutazama. Nilimweleza juu ya yule mzee, kwa hasira, nikidhani alikuwa jirani yao aliyetuchezea. Nilipotaja kidole kilichokatika, Nyaga aliketi chini kwenye matope na suruali yake ya kanisani.

"Kilikatwa na shoka akichonga hiyo mizinga," alisema. "Huyo ni baba."

Nilikagua mzinga wa nane inchi kwa inchi. Lami ilikuwa nzima, haina ufa. Niliking'oa kigingi, nikingoja maji yamwagike. Hayakumwagika. Ndani palikuwa pakavu kama ghala la mahindi. Siku nane chini ya mto, na kulikuwa na masega mapya, meupe, yamejaa asali. Nyuki walitoka wakiwa hai, wengi, bila kumuuma mtu. Walipanda juu wakaelekea kwenye mgunga uleule tulikowatoa. Sasa niambie wewe unayejua kila kitu: kitu kikavu, kilichojaa hewa, kinazamaje?

Nyaga alichukua ile asali. Nasikia aliipika pombe na kuwaita wazee, na yeye mwenyewe alionja akiwa amefumba macho. Simcheki. Alifanya akiwa amechelewa, lakini alifanya.

Tulimzika Mwaniki Alhamisi iliyofuata. Baada ya watu kumwona kwa mara ya mwisho, kwa vile mimi ni fundi na ni shemeji, nilipewa kazi ya kukaza misumari ya jeneza. Nilishika kifuniko, na kabla sijakaza wa kwanza, mkono wangu ulijikunja wenyewe ukagonga. Nikatega sikio. Ndani palikuwa na mvumo.

Nilifungua. Watu walipiga kelele, mchungaji akanishika bega, lakini safari hii nilifungua. Mwaniki alikuwa amelala kama tulivyomlaza. Nyuki mmoja tu alikuwa kwenye kope lake lililofumba. Alitembea kidogo, akaruka, akapita juu ya vichwa vya watu. Wanjira alikuwa amesimama kando yangu na alimwona. Aliniuliza pale pale kaburini nilikuwa najua nini. Sikuweza kumdanganya tena. Nilimweleza yote: mzinga, mzee, jicho, na jinsi nilivyokataa.

Alisema neno moja tu.

"Uliambiwa."

Bado ni mke wangu. Ananipikia, ananifulia, tunaenda kanisani pamoja. Lakini neno hilo halijaondoka nyumbani kwetu, na sidhani litaondoka. Wazee husema mdharau mwiba mguu huota tende. Mguu uliovimba si wangu peke yangu.

Siku hizi siwezi kufunga kitu. Tangi la maji, sanduku la chuma, hata bomba la lango, lazima nigonge na kutega sikio kabla ya kuchomelea mwisho. Wateja wananicheka, na wanafunzi wa karakana wamenipa jina ambalo sitalitaja. Nawaacha wacheke. Na wewe cheka ukitaka, kicheko hicho nilikitumia kabla yako. Lakini siku utakaposhika kifuniko cha kitu usichokichonga wewe, gonga kwanza. Ukisikia kitu ndani, fungua, hata kama lami inaganda.