Kwenye Mchezo Wao, Hakuna Anayetaka Kuwa Baba

Saa tatu asubuhi, uji umekwisha kunywewa, vikombe vya plastiki vimelowekwa kwenye beseni, na mwanamume mwenye mabega ya mbeba magunia amepiga magoti sakafuni akimfunga mtoto kamba za viatu. Mtoto mwingine amempanda mgongoni. Wa tatu anamvuta shati, kamasi zimemjaa.

"Subirini zamu, jamani," anasema. "Mjomba ana mikono miwili tu."

Mjomba ndilo jina lake hapa. Watoto humwita hivyo, wazazi humwita hivyo, na mwenye kituo, mwalimu mstaafu anayejulikana kwa jina la Bibi, anakiri kwamba jina lake lingine amelisahau. Kati ya walezi watano wa kituo hiki cha kulelea watoto wadogo, ni yeye peke yake mwanamume.

Zamani alikuwa kuli ghalani. Mgongo ulipomgomea, akaja kuomba kazi ya kulinda geti.

"Siku moja mlezi mmoja aliugua, watoto wakawa wanalia wote kwa mpigo," anasimulia. "Bibi akanipitishia mtoto dirishani, akaniambia, 'Hebu nishikie huyu kwanza.' Mpaka leo sijamrudisha."

Mshahara ni mdogo kuliko wa kubeba magunia, ingawa anaapa kwamba watoto ni wazito zaidi. Mtaani wanamtania, wanamwita yaya. Akina mama nao, siku za mwanzo, walimkagua kama mbuzi wa kununua, ila baadaye walimzoea.

Baada ya uji watoto hucheza nyumba, na hapo ndipo Mjomba anapopenda kutupa jicho. Binti wa miaka minne huwa mama: anakoroga mchanga kwenye kopo, mgongoni amebeba mwanasesere, mdomoni hana breki. Anayepewa ubaba huambiwa, "Wewe nenda kazini!" Basi anakwenda nyuma ya tangi la maji na kuchuchumaa.

"Nilimfuata mmoja nikamuuliza, 'Baba, huku kazini unafanya nini?' Akaniambia, 'Nasubiri kuitwa kula.'"

Nani kawafundisha? Bibi anacheka swali hilo. "Darasani hatufundishi hayo. Wanakuja nayo kutoka nyumbani, kama wanavyokuja na mafua."

Lakini watoto si wajinga. Wavulana walipochoka kuchuchumaa, wakabuni mtu wa tatu katika ile nyumba yao, wakamwita Mjomba. Huyo haendi popote. Anaogesha, anabembeleza, anaonja mchanga na kusema umeiva. Ikawa vita kila asubuhi, wote wanataka kuwa Mjomba. Ubaba ukakosa mtu, na mwishowe wakachukua kigoda, wakakipeleka nyuma ya tangi. Kigoda ndicho kikawa kinakwenda kazini.

Walezi walicheka mpaka machozi yakawatoka. Kicheko kilikatika pale fundi bomba mmoja, ambaye mwanawe analelewa hapa, alipomwambia mtoto kwamba akikua atakuwa baba kama yeye.

"Sitaki kuwa baba," mtoto alimjibu. "Mimi nitakuwa Mjomba."

Kesho yake asubuhi fundi alifika uso umekunjamana. Alimwambia Bibi achague: ama mwanamume yule atoke kwa watoto, ama yeye na majirani zake wawili waondoe wanao. Kituo kinaishi kwa ada za wazazi. Bibi hakulala vizuri, kisha akamwomba Mjomba arudi getini mpaka mambo yapoe.

"Niliumia, sitaki kudanganya," anasema Mjomba. "Watoto wanashikilia nondo za geti wananiita, na mimi nimeambiwa nisiingie. Nikajua ikipita wiki mbili hivi, kazi ndiyo imekwenda."

Ijumaa ya wiki hiyo fundi bomba alikuja mapema kumchukua mwanawe. Mjomba hakumgombeza. Alimfungulia geti, akamweleza mchezo wa watoto, akamwonyesha kile kigoda nyuma ya tangi.

"Yule pale ni wewe, ndugu yangu."

Fundi alikitazama. "Mimi natoka hakujapambazuka, mikono inachubuka kwa ajili yake. Haoni?"

"Ataonaje? Anakuona ukitoka na anakuona ukila."

Fundi akamgeuzia kibao. "Na kwako? Wanao wakicheza, baba anafanya nini?"

Mjomba hakuwahi kutazama. Ana mabinti wawili. Jioni ile aliwakuta uani wakicheza, akasimama pembeni. Baba wa mchezo wao alikuwa mto uliofunikwa kanga, na mkubwa alikuwa akimwambia mdogo, "Shii! Baba amechoka."

Mkewe, fundi cherehani, hakumwonea huruma. "Huyo Mjomba wanayemsifu namsikia tu kwa watu," alimwambia. "Kwangu huwa anakuja mume."

Ni kweli, anakubali. Mtu anayeosha miguu ya watoto ishirini kutwa nzima, akifika kwake husubiri maji yapelekwe bafuni.

"Nikivuka kizingiti nakuwa baba yangu mzee, hata kukaa nakaa kama yeye. Nilipokuwa mdogo nilishika fagio siku moja, baba akaninyang'anya, akampa dada yangu, akaniambia, 'Kaa.' Nilifundishwa kukaa, nami nikafaulu vizuri sana."

Jumatatu fundi bomba alirudi na mfuko wake wa vifaa. Bila kuomba radhi wala kufuta kauli, alilala chini ya sinki la kituo lililokuwa likivuja tangu mwaka jana, watoto wamemzunguka, mwanawe amemshikia spana. Alipomaliza alimwambia Bibi kwamba mtoto ataendelea kuja. Siku hiyohiyo Mjomba aliingia ndani.

Sasa wanapanga kila Ijumaa mzazi mmoja, baba au mama, aje kuonyesha anachofanya akiwa "kazini". Dereva mmoja ameshakubali, na mama anayechomelea mageti ameomba siku yake.

Mpango mwingine ni wa nyumbani, na Mjomba anasema huo ndio mgumu. Wiki iliyopita alichota maji, akamwita binti yake mkubwa, akaanza kumwogesha. Mtoto alisimama kwenye beseni amekakamaa, sabuni imemjaa kichwani, akimtazama babake kwa wasiwasi.

"Baba," aliuliza, "mama anaumwa?"

Mjomba anakausha mikono kwenye suruali.

"Nitamwogesha tena leo," anasema. "Na kesho. Nitamwogesha mpaka siku atakayoacha kuniuliza."