Glasi Niliyomwagiza Mama Mkwe

Blenda niliinunua mwenyewe mjini Kisii, kwa mwenye duka ambaye babu yake alitoka Bara Hindi na yeye mwenyewe anaongea Ekegusii kunishinda. Aliiwasha ikiwa tupu, kaunta ikatetemeka, akaniambia, "Mwalimu, hii utasaga mpaka uchoke wewe." Niliibeba hadi Kiogoro nikiwa nimeikumbatia kama mtoto mchanga, maana siku hiyo nilikuwa nimetangaza vita dhidi ya sukari.

Afadhali nieleze mimi ni mtu wa namna gani. Nafundisha Sayansi katika shule ya msingi, na kanisani kwetu, sisi tunaosali Jumamosi, mimi ndiye kiongozi wa afya. Kila Sabato napewa dakika kumi niwaambie watu wale nini na waache nini. Dakika kumi huwa hazinitoshi. Nakiri kwamba napenda kusema, na kupingwa sipendi. Mke wangu, ambaye anauza matunda katika soko la Mosocho, husema kwamba hata nikiota naota nikifundisha.

Basi sukari ikafukuzwa nyumbani. Mkebe wake niliutoa mezani kwa sherehe nikaupeleka stoo. Chai niliinywa bila sukari kwa wiki mbili, nikikunja uso, kisha nikaachana nayo. Badala yake kila asubuhi nilijitengenezea juisi: machungwa sita, nusu nanasi, na maembe mawili msimu wake ukifika. Nilisaga, nikachuja kwa kichujio cha chai mara mbili mpaka ikawa laini, makapi nikampa ndama. Jagi zima lilikuwa langu. Mke wangu alilalamika kwamba nakunywa biashara yake, nikamjibu kwamba afya haina bei.

Kanisani nilikuwa moto. "Sukari ya duka ni ya binadamu," niliwaambia, "lakini sukari ya tunda ni ya Mungu mwenyewe, na Mungu hawezi kumdhuru mtu kwa tunda." Mzee mmoja wa viti vya nyuma akauliza, "Na lile la Edeni?" Watu walicheka hadi mhubiri akashika kinywa. Mimi sikucheka. Nilimwona ni mtu asiyetaka maendeleo.

Sasa niseme habari za mama mkwe. Yeye anaishi Gesima, upande wa Nyamira, nyumba yake imezungukwa na majani chai hadi dirishani. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Kuna heshima tunayoiita chinsoni, na ndani yake mna aibu: simtazami usoni, hanitanii, hatuli pamoja, na hakuna anayempinga mwenziwe. Nikienda kwake naketishwa sebuleni peke yangu kama mkaguzi wa shule, chakula kinaletwa, yeye anabaki jikoni. Tukiwa na neno la kuambiana tunampitishia mke wangu, hata kama tumeachana hatua tatu.

Kliniki ilipomwambia kwamba ana ugonjwa wa sukari, familia ilikusanyika kwake. Shemeji zangu walikuwa wameinamisha vichwa, wengine wakinong'ona kuhusu macho na miguu. Mimi nikasimama. Nani angenizuia? Mama alikuwa amesimama penye mlango wa jikoni, leso mabegani.

"Mwambieni mama," nikasema, "dawa za hospitali ameze kama alivyoambiwa. Chai ya sukari aache. Na kila asubuhi anywe glasi kubwa ya juisi ya matunda. Isagwe vizuri, ichujwe. Hiyo haina kemikali, itamsafisha damu."

Mama alitazama chini. "Nimesikia," akasema. "Neno la mwalimu si la kupinga."

Nilirudi Kiogoro kifua mbele.

Miezi mitano ikapita. Nilikuwa na kiu ya ajabu siku hizo, na usingizi wa mchana uliokuwa ukinishika darasani, lakini nililaumu jua na wanafunzi wa darasa la sita. Kisha tukaandaa siku ya kupima afya pale kanisani. Akaja muuguzi, msichana niliyewahi kumfundisha zamani, na kimashine chake cha kutoboa kidole. Watu walikuwa wanasukumana nyuma, kila mtu akimwambia mwenzake atangulie. Kiongozi wa afya akajitokeza. Nilikunja mkono wa shati, nikaugeukia umati, nikasema, "Tazameni, haiumi."

Muuguzi alitazama kimashine. Akanitazama. Akabadilisha kikaratasi, akatoboa kidole kingine.

"Mwalimu, umekula nini asubuhi?"

"Sijakula kitu," nilisema kwa sauti ya kusikika. "Nimekunywa juisi tu. Ya asili. Haina hata chembe ya sukari."

"Juisi ya nini?"

Nikamtajia. Akaweka kimashine chini, akanivuta kando nyuma ya pazia, jambo ambalo nitamshukuru kwalo hadi kufa.

"Mwalimu, ungeweza kukaa chini ukala machungwa sita, nusu nanasi na maembe mawili, mara moja?"

"Hapana. Ningeshiba nife."

"Sasa kwa nini uliyanywa?"

Alinifafanulia taratibu, kama nilivyomfafanulia yeye usanisinuru enzi zile. Tunda si adui, alisema. Tunda zima lina nyuzi zake. Unatafuna, tumbo linajaa, sukari inaingia kwenye damu kwa mwendo wa kinyonga. Ukilikamua na kulichuja unatupa nyuzi unabaki na sukari, na sukari hiyo, hata ikiwa imetoka mtini, ikifika kwenye damu haimwambii mtu imetoka wapi. Kula chungwa moja, kesho kipande cha nanasi, ukitafuna. Juisi achana nayo. Bado hujaugua, ila umekaribia, na Jumatatu uende kliniki.

"Na nyuzi ulikuwa unapeleka wapi?" akauliza.

"Kwa ndama."

Akageuka upande, mabega yakimcheza. Ni kweli ndama wangu alikuwa amenawiri kuliko ndama wote wa Kiogoro.

Mganga hajigangi, wanasema, na hilo ningelimeza. Lakini nikiwa bado nyuma ya lile pazia nilimkumbuka mama mkwe. Mimi nilikuwa nimekaribia tu ule ugonjwa. Yeye alikuwa nao tayari. Na kwa miezi mitano, kila asubuhi, glasi kubwa. Mimi ndiye niliyesema.

Nilimwambia mke wangu tukiwa bado kwenye uwanja wa kanisa.

"Ndiyo maana," akasema.

"Ndiyo maana nini?"

"Mama siku hizi nikimpigia na akisikia uko karibu, anakata haraka. Harusi ya binamu yangu hakuja. Nilidhani ni magoti." Akanitazama. "Shida yako wewe si sukari. Ni mdomo."

Ulimi uliponza kichwa, na hapa kilichokuwa hatarini si kichwa changu. Usiku huo sikulala vizuri, na Jumapili asubuhi tulishika njia ya Gesima. Njia nzima nilikuwa nikitunga maneno. Nilikuwa na hofu ya kweli, hofu ya mtu mzima: kwamba nitamkuta haoni, au ana kidonda mguuni ambacho wamenificha kwa sababu ya heshima.

Tulimkuta shambani anachuma chai. Aliponiona, akatua kikapu na kuingia nyumbani kwa mlango wa nyuma, kwa mwendo ambao magoti mabovu hayawezi. Hilo lilinipa moyo kidogo na kunichanganya zaidi.

Nikaketishwa sebuleni kama kawaida. Yeye akasimama mlangoni pa jikoni, macho sakafuni. Mke wangu akaketi katikati yetu akingoja kubeba maneno.

"Mwambie mama..." nikaanza. Nikaona huu ni upuuzi. Mtu hawezi kuomba msamaha kwa kumtuma tarishi. Nikasimama.

"Mama, nimekukosea," nikamwambia yeye mwenyewe. "Ile juisi niliyokuagiza si dawa. Nilisema nisichokijua. Mimi mwenyewe imenipandishia sukari. Kama imekuumiza, ni mimi."

Mama alijifunika uso kwa leso. Nikajua basi, mambo yameharibika. Kisha nikasikia sauti ndogo kutoka ndani ya leso.

"Mwalimu, mimi ndiye nimekosa. Sijawahi kuinywa."

"Hujawahi?"

"Ningesaga na nini? Sina mashine. Ningekwambia sina, ungeona mama mkwe anaomba mashine kwa mkwe. Nikaona haya." Akashusha leso kidogo. "Nilikuwa nakula tu. Chungwa nalimenya na kulitafuna. Pera la pale nje. Ndizi moja baada ya ugali. Nikawa naogopa ukija utauliza juisi inaendeleaje, nami siwezi kudanganya na siwezi kukupinga. Ndiyo maana hata harusini sikuenda."

Alichukua kitabu chake cha kliniki kutoka mfukoni mwa aproni, akampa binti yake, binti yake akanipa mimi. Nilikisoma ukurasa kwa ukurasa. Mwezi baada ya mwezi sukari yake ilikuwa inashuka, na chini ya ukurasa wa mwisho daktari alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: endelea hivyo hivyo. Ilibidi nikae. Machozi yalinitoka, na sikuyaficha vizuri.

Mke wangu alikuwa ameanza kucheka, kicheko kile cha kushika mbavu, na mama akaambukizwa, akicheka ndani ya leso. Halafu mama akaelekeza kidole juu ya kabati.

"Na ile sasa tutaifanya nini?"

Kulikuwa na boksi, limefunikwa kwa kitambaa cheupe cha kufuma. Nikalifunua. Blenda, ndugu ya ile yangu, bado imefungwa kwa gundi ya dukani.

"Bonasi ya chai ilipoingia nilikuwa ninunue blanketi," mama alisema. "Nikaona si vizuri kuendelea kukuvunjia neno. Ilikuja Ijumaa. Nilikuwa nianze kesho."

Hakuna aliyecheka tena. Nilisimama pale nimeshika kile kitambaa, nikifikiria Jumatatu hiyo moja, na Jumanne yake, na mwanamke mtiifu peke yake asubuhi akichuja matunda kwa kichujio cha chai kwa sababu mwalimu alisema.

"Itasaga njugu," mke wangu akasema mwishowe. "Nitaipeleka sokoni Mosocho, nami nitakuletea blanketi."

Mama akaridhika. Aliingia jikoni akarudi na ndizi mbivu moja kwenye sahani. Aliimenya, akaikata katikati kwa kisu. Nusu yangu hakumpa binti yake anipe. Alivuka sebule akaniwekea mkononi, kisha akaketi kwenye kiti kilicho mkabala nami na kuanza kula yake. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, na nilikuwa sijawahi kula kitu mbele ya mama mkwe wangu. Nilitafuna polepole, kama nilivyoelekezwa.